Mwisho wa Tatu wa Mama wa Lango

Mtu akikuambia kwamba mapenzi huisha kwa kelele, kwa kurushiana sahani na kutukanana mbele ya majirani, mwambie aje aniulize mimi. Yangu yaliisha Alhamisi, saa tano asubuhi, ghorofa ya juu ya duka la misumari na mabati mjini Kericho, na hakuna hata kikombe kilichovunjika.

Nilikuwa nimeapa kwamba sitarudi. Nilimwapia mama yangu, Yunia, nikajiapia na mimi mwenyewe mbele ya kioo. Halafu ujumbe wa Weldon ukaingia, wa kwanza baada ya wiki saba: "Nimepata mwisho wa tatu. Watu wanakuulizia. Tafadhali kuja urekodi." Wiki saba mtu hajakujulia hali, na akikukumbuka anakuandikia habari za gemu! Mwanamke mwenye akili angeizima simu akaendelea kupalilia. Mimi nilitafuta sketi yangu ya bluu, ile aliyowahi kusema inanifanya nionekane kama mwalimu mkuu, nikaipiga pasi mara mbili. Nisijifanye. Sikuenda kwa sababu ya gemu.

Weldon alikuwa amesimama dirishani niliposukuma mlango. Alikuwa amekonda. Shati la kijani nililomnunulia lilimning'inia mabegani. Alinitazama, akatazama chini, akanitazama tena, na ile mikono yake mirefu ikakosa mahali pa kwenda. Nilipokuwa nikipanda ngazi nilikuwa nimejiambia nimepona. Nilipomwona tu nikajua sijapona hata kidogo. Nilimpenda vilevile, kila kitu chake, hata ule upara mdogo aliokuwa akiuficha kwa kofia.

"Umekuja," akasema.

"Si uliniita?"

"Nilidhani hutakuja."

"Basi mbona uliita?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi, akanivutia kiti na kukipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi.

"Mama yuko aje?"

"Ako mzima. Analima."

"Na huko Keroka, umezoea?"

"Weldon, nionyeshe huo mwisho."

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyejua mambo haya, asije akadhani nilipendana na mtu asiye na kazi, jinsi baba yake alivyodhani. Weldon ana chumba cha gemu, viti sita na televisheni tatu, na kona moja ya kupiga chapa na kutoa nakala. Pia ana chaneli kwenye mtandao ambapo huelezea kwa Kiswahili hadithi za zile gemu za giza: zile ambazo wafalme wamekufa lakini bado wamekalia viti vyao, jua limekataa kutoka, na kila mlango una jitu linalokungoja likuue mara arobaini kabla wewe hujaliua mara moja. Jitu hilo wachezaji huliita bosi. Hadithi yenyewe haisimuliwi. Imetawanywa vipande vipande, neno moja kwenye upanga, sentensi mbili kwenye pete, na mchezaji ameachiwa aunganishe mwenyewe. Weldon alikuwa na mikono. Hakukuwa na bosi aliyemshinda. Lakini ukimuuliza yote yale yalimaanisha nini, maskini, anabaki kukodoa macho.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo niliingia pale kutoa nakala za vyeti vyangu. Nimesomea ualimu wa Kiswahili na fasihi, na nilikuwa nikingoja kuajiriwa kama nusu ya watu wa rika langu. Mashine ikagoma, nikasimama nikimsikiliza akirekodi. Alikuwa akisema kwamba mfalme fulani alimuua binti yake kwa tamaa.

"Si tamaa," nikasema kutoka nyuma, bila kuulizwa. "Soma tena hayo maandishi kwa pete. Alimuua ndio asimwone akizeeka."

Aligeuka akanitazama, na nadhani mimi nilipotea papo hapo. Tangu siku hiyo yeye akawa mikono, mimi nikawa sauti. Watu elfu kumi na mbili wakawa wanatufuata, wengine mpaka Tanzania, na katikati ya kubishana juu ya mizimu na wafalme tukapendana.

Gemu ya mwisho tuliyoianza pamoja tulikuwa tukiiita Nchi Isiyo na Asubuhi. Ndani yake wewe ni Mchukuzi, mwanamume aliyebeba mifupa ya mkewe kwenye sanduku mgongoni, akienda kwenye lango la mwisho ambako inasemekana wafu hurudishwa. Njiani kuna walinzi saba. Wa saba ni mwanamke mkubwa kuliko nyumba, Mama wa Lango, na ajabu yake ni kwamba yeye hapigi kwanza. Anasimama tu. Ukimuua, lango linafunguka, mkeo anatoka, lakini hakutambui. Ukiketi kando yake, yeye anaondoka na wewe unabaki mahali pake milele. Waliotengeneza gemu hiyo walidokeza kwamba kuna mwisho wa tatu, na Weldon alikuwa ameutafuta miezi mitatu bila kuupata.

Aliwasha televisheni. Nikamwona tena Mama wa Lango kwenye ukungu wake, mabega yameinama, na badala ya kufikiria gemu nikamfikiria baba yake Weldon, Mzee Hezekiah.

Weldon alinipeleka kwao Sigowet mara moja tu. Mama yangu alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchuna majani chai kwenye kampuni, na anayestaafu huirudisha nyumba ya kampuni. Mwisho wa mwezi tulitakiwa tuwe tumetoka. Mama angerudi Keroka, na mimi ningebaki tu kama nilikuwa na mahali pa heshima pa kubaki. Kwa hiyo Weldon akasema twende tumwone mzee, tupate jibu.

"Wewe ni mtu wa wapi?" ndilo lilikuwa swali la kwanza la Mzee Hezekiah, kabla hata sijaketi vizuri.

"Nimezaliwa hapa Kericho, Baba. Kwa nyumba za kampuni."

"Mimi sijauliza umezaliwa wapi. Nimeuliza wewe ni mtu wa wapi."

"Mtu wa Keroka, Baba," nikasema, nikijua anasikia kabila jingine.

Akamtazama Weldon. "Kijana yangu iko na miaka ishirini na tisa. Wenzake wameoa, wamepanda majani, wako na ng'ompe. Yeye anapigana na mashetani kwa televisheni. Na wewe, nasikia, ndiye unamwampia shetani amesema nini."

Ningefanyaje? Nilicheka. Weldon akanikanyaga mguu chini ya meza. Lakini mzee hakukasirika. Akatia mkono shavuni, akaniuliza, "Hapo mwisho kapisa kuna nani?" Nikamweleza habari za Mama wa Lango. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyo pos ya mwisho, kwa nini hapigi?"

"Hatujajua, Baba. Ndiyo tunatafuta."

"Huyo hangoji vita," akasema polepole. "Huyo anangoja mtu wa kumsaidia kulia."

Mama yake Weldon alikuwa amefariki miaka minne kabla. Mzee akainuka, akaleta kibuyu, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, kwa mkono wake mwenyewe, na Weldon akaniambia baadaye kwamba tangu mazishi hakuwahi kumwona akimmiminia mtu. "Nitafikiria," mzee akasema tulipoaga. "Nitapika simu." Tulicheka njia nzima hadi barabarani, tukimwiga, simu inapikwa na vitunguu, simu inapikwa na nyanya. Nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa inaniuma kama jino.

Simu ikaja baada ya siku nne, jioni ya kuamkia kuhama. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mama yuko kwenye katoni za vyombo, na mimi nimeziba sikio moja kwa kidole. "Siku mama yako ataenda," sauti ya Mzee Hezekiah ikasema, "wewe paki." Simu ikakatika. Nikasimama na simu mkononi. Wewe paki. Kwa hiyo ndivyo mtu anavyofukuzwa, kwa maneno mawili, hata pole hakuna. Nikapaki. Nililia juu ya kila sufuria niliyoiweka kwenye katoni, na lori likatuchukua tarehe ishirini na tisa. Siku iliyofuata Weldon akaniandikia: "Sawa. Nimeelewa." Basi. Kumbe na yeye alikuwa amekubaliana na baba yake.

"Angalia hapa," Weldon akasema, akanirudisha chumbani. Mama wa Lango alikuwa amepiga magoti kwenye kioo cha televisheni.

"Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilikuwa nimempiga hadi damu yake ikabaki nusu. Akapiga magoti, ile anapiganga kila siku. Sasa simu ikalia, nikaweka padi ya kuchezea chini nikaenda kuongea hapo nje. Kurudi nikapata hivi."

Kumbe siri yote ilikuwa hiyo: usiguse kitu. Mama wa Lango alilia, mabega yakitetemeka. Akamtambalia Mchukuzi aliyekuwa amesimama bila kujitetea, akafungua kamba za sanduku mgongoni mwake, moja baada ya nyingine, akachimba ardhi kwa vidole vyake vilivyojaa majeraha, akaizika ile mifupa. Akafukia. Kisha akalala kifudifudi juu ya kaburi la mke wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile yote, kukapambazuka.

Machozi yalinilengalenga. Miezi mitatu tulikuwa tumeutafuta mwisho huo pamoja.

"Nani alikupigia?" nikauliza.

Weldon alivua kofia, akaivaa tena.

"Chelimo."

Nilimjua Chelimo kwa picha. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeziona kwa simu ya rafiki yangu: picha za koito, ile siku wazee wa pande mbili huketi wakakubaliana, na wakiinuka hapo binti amekwisha kuwa wa watu. Chelimo na gauni la njano, Weldon na koti lisilomtosha, Mzee Hezekiah katikati. Nilizikuza zile picha nikatafuta kwenye uso wa Weldon dalili yoyote ya huzuni. Sikuipata, ama simu ya rafiki yangu ina kioo kibaya.

"Mliongea kwa muda gani?"

"Phanice..."

"Nauliza tu. Ni ya kurekodi."

"Kama dakika nane hivi."

"Dakika nane! Mimi nikikupigia uko kwa bosi ulikuwa unaniambia nini? 'Nacheza, nitakupigia.' Miaka miwili. Hakuna siku hata moja uliweka hiyo padi chini juu yangu."

"Sasa usinifanyie hivyo." Sauti yake ilipanda. Weldon si mtu wa kupandisha sauti, na nilishtuka. "Usinifanyie hivyo, tafadhali. Si ni wewe uliendanga? Mimi nilikaa hapa. Baba alikuomba, Phanice. Mzee yangu! Hajawahi kuomba mtu kitu tangu nimjue, na alikuomba wewe, na ukaenda bila hata kusema kwaheri."

"Aliniomba nini?"

"Ubaki!"

"Wacha uongo. Baba yako alinifukuza."

"Alikufukuza wapi na mimi nilikuwa nimeketi hapo karibu na yeye? Nilisikia na masikio yangu. Alishika simu na mikono mbili akakuambia, 'Siku mama yako ataenda, wewe paki.'"

Aliyasema jinsi baba yake alivyoyasema, kwa ile sauti nzito ya Sigowet tuliyozoea kuiiga. Midomo yake ikarudia lile neno bila sauti. Nilimwona akilisikia, na mimi nikalisikia pamoja naye.

"Sema tena," nikamwambia.

"Wewe pa..." Akashindwa. "Wewe baki. Alikuwa anasema baki."

"Mimi nilisikia paki. Nipaki vitu."

"Mzee anaita bosi pos."

"Najua."

"Anaita ng'ombe ng'ompe. Phanice, ulimsikia! Ulicheka mwenyewe!"

"Najua, Weldon, najua! Sasa unataka nifanye nini? Mvua ilikuwa inanyesha, nyumba imejaa katoni, mama analia. Mtu akiambiwa paki katikati ya katoni atasikia nini?"

Sisi wawili tuliojifanya mabingwa wa kusoma yaliyofichwa! Sisi tuliochambua sentensi mbili za kwenye pete kwa dakika hamsini huku watu wa Mwanza wakitupongeza! Tuliletewa maneno mawili na mzee anayetupenda, tukashindwa kuyasoma. Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, nikawa nalia kwa sauti, mdomo wazi, bila haya yoyote. Weldon akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na joto lile lile.

"Kwa hivyo hukunikataa," akasema.

"Na wewe hukunikataa."

"Mimi? Siwezi. Nilikaa siku tatu bila kufungua hii duka."

Kwa muda huo, labda dakika moja, labda mbili, nilikuwa na kila kitu. Niliona nyumba yetu. Niliona mama yangu akija kutembea Sigowet na Mzee Hezekiah akimpikia simu. Weldon aliweka paji lake la uso kwenye magoti yangu, nikaivua ile kofia nikampapasa kichwa, na kama ningekufa pale ningekufa nimeshiba.

Laiti ningenyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza maana, na swali lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mbona hukuja?"

"Wapi?"

"Keroka. Kutoka hapa ni masaa mawili. Yule Mlinzi wa Tano alikuua mara sitini na tatu, Weldon, nilikuwa nahesabu. Ukarudi ya sitini na nne. Kwangu uliandika maneno mawili, ukakaa."

Hakuinua kichwa. Aliongea akiwa vilevile, ameinamia sketi yangu.

"Kwa gemu, ukikufa unaamka. Unajua utaamka. Sasa wewe... ningekuja huko, utoke nje, uniambie hapana na mdomo yako. Hiyo singeamka."

Jibu hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilikuwa langu pia. Na mimi si nilikuwa na simu? Na mimi si nilikaa Keroka nikimngoja aje, nikiipiga pasi sketi ambayo siivai? Nilitaka kumsamehe. Nilikuwa nimeshamsamehe.

"Sasa tutafanya nini?" akauliza.

"Wewe unaonaje?"

"Niambie nifanye nini." Aliinua uso, macho mekundu, na humo machoni mlikuwa na upendo, naapa, sikuukosea. "Ukisema niende niambie wazee leo, naenda leo. Ukisema niwache mambo ilivyo, sawa. Sema tu. Wewe ndio unajuanga."

Ndipo baridi ikaniingia. Nilimwona vizuri, jinsi ambavyo sikuwahi kumwona katika miaka yote miwili. Mzee alisema koito, akaenda koito. Mimi nikisema vunja, atavunja. Na siku nyingine mtu mwingine atasema neno jingine, na yeye atasimama pale amelegeza mikono akingoja aelezwe linamaanisha nini. Herufi moja ilikuwa imetudanganya, kweli, lakini kwa wiki saba hakuna aliyemfunga miguu.

"Sema wewe," nikamwambia. "Yangu yote ushaisikia. Nakupenda. Nikiulizwa mbele ya wazee wako nitasema hivyo hivyo. Sasa mara hii sitakusomea, Weldon. Sema unachotaka wewe, nami nitakaa hapa hadi useme."

Akafungua mdomo. Nilimngoja. Kule chini mtu alikuwa akikata mabati, chombo kikilia na kunyamaza. Nikamwomba Mungu moyoni, sema, sema chochote, hata ukikosea. Nilikuwa tayari kulichukua neno lolote ambalo lingetoka kwake mwenyewe.

Viatu vikasikika kwenye ngazi.

Weldon alikuwa amesimama kabla mlango haujafunguliwa. Sijui kama alijua anasimama. Alikwenda hatua tatu, akanyoosha mikono, akampokea msichana aliyeingia chupa ya chai na kikapu, akamvutia kiti. Kiti hicho pia alikipangusa.

"Kumbe uko na mgeni," Chelimo akasema. Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha, na mzuri zaidi, na nilimchukia kwa kama sekunde tano. Sikuweza kuendelea. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajawahi kumfanyia mwenzake ubaya.

Weldon alinitazama. Hapo ndipo palikuwa pahali pake pa kusema. Hakukuwa na baba, hakukuwa na mvua, hakukuwa na simu ya kukatika. Tulikuwa watatu tu na mlango umefungwa.

"Huyu ni Phanice," akasema. "Ananisaidianga na sauti."

Nimetafuta tangu siku hiyo kama kuna namna nyingine ya kuisikia sentensi hiyo. Hakuna.

"Ati wewe ndiye Phanice!" Chelimo akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ameinamisha kichwa kwa heshima. "Pole sana, dada, sikujua. Mimi naskizanga hizo vitu zenu nikikamua ng'ombe. Wewe unaeleza mpaka mtu anaona. Sasa huyu nimemuuliza huo mwisho wake mpya unamaanisha nini, ananiambia ati ngoja Phanice."

"Amekuambia hivyo?"

"Kila siku. Ngoja Phanice, ngoja Phanice." Akacheka, akanimiminia chai. "Rekodi nikiwa hapa, tafadhali. Sitapiga kelele."

Ningeweza kuondoka. Ningeweza kumwambia kila kitu, na hiyo chai ingemwagika. Nilikunywa nusu kikombe, nikafuta macho nikasema ni mafua ya baridi ya Kericho, nikavuta maikrofoni karibu. Weldon akakaa kwenye mashine yake, akanihesabia kwa vidole kama zamani, tatu, mbili, moja.

Niliongea dakika kumi na nne bila kukosea. Nilisema kwamba wengi watadhani Mchukuzi ameokolewa na busara, kwamba ameweka silaha chini kwa sababu ameelewa. Si kweli. Hakuelewa kitu. Alisimama tu, macho yake yako kwingine, na sanduku lingekaa mgongoni mwake mpaka kiama. Aliyefanya kazi yote ni yule aliyepigwa. Ndiye aliyefungua kamba, ndiye aliyechimba, ndiye aliyezika mpendwa ambaye hakuwa wake ili mwanamume mwingine aende nyumbani na mgongo mwepesi. Asubuhi iliyopambazuka ni ya Mchukuzi. Mama wa Lango haioni, maana ameweka uso wake kwenye udongo.

Nilipomaliza Weldon alibonyeza kitufe cha kusimamisha na hakugeuka. Chelimo alikuwa analia kimyakimya, machozi yanaingia kwenye kola yake, wala hakuyafuta.

"Na huyo Mama," akauliza, "akishazika, anaenda wapi?"

"Gemu haisemi."

"Lakini wewe unaonaje, dada?"

"Haendi mahali. Kazi yake imeisha."

Akatikisa kichwa, akavuta pua. Akainuka akaniongezea chai bila kuulizwa, akaketi karibu yangu, magoti yakigusana na yangu jinsi wanawake wanavyoketi wakianza kupendana.

"Mtu hawezi kueleza hivyo kama hajapenda," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe, dada, uko na mtu?"

Weldon alikuwa ameinama akikunja waya wa maikrofoni kuzunguka kiganja chake, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mkono ukasimama. Nilimngoja tena, Mungu wangu nisamehe, hata hapo nilimngoja kidogo. Kisha akaendelea kukunja.

"Hapana," nikamjibu Chelimo. "Sina mtu."